Maji ya Mwanza na Maji ya Bahari

Ukija Mwanza kwa mara ya kwanza, mwenyeji wako hatakosa kukupeleka kutazama lile jiwe lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga. Wajerumani waliliita Bismarck, kwa jina la waziri wao mkuu wa zamani, na jina limebaki ingawa wenyewe waliondolewa hapa mwaka 1916. Watu hulitazama, hupigwa picha mbele yake, halafu hurudi mjini. Wewe usirudi upesi. Tembea kidogo kando ya ziwa mpaka uwaone watu wanaofua nguo, utazame sabuni yao. Inatoa povu jingi jeupe kwa kipande kidogo tu. Mtu akijaribu kufua hivyo kwa maji ya bahari kule Dar es Salaam au Tanga, atasugua hata mkono umchoke, na povu halitoki. Maji yote mawili yanaonekana sawa kwa macho, tena yote hayana ng'ambo inayoonekana. Mbona basi haya ni baridi na yale ni ya chumvi?

Swali hili huulizwa mara nyingi, hasa na vijana wanaotoka bara, kwa sababu watu wengi wa bara wanapoona Ziwa Viktoria mara ya kwanza huliita bahari. Wasichekwe. Injili yenyewe husema Bahari ya Galilaya, na ile ni ziwa tu la maji baridi, dogo sana kuliko hili letu. Lakini tukitaka kujua kwa nini maji haya ni matamu, hatuna budi kuanza na beseni kabla ya maji, na beseni la Mwanza limefanyizwa kwa mawe.

Mwanza nzima imejengwa juu ya mawe na katikati ya mawe. Nyumba za vilimani zimeatamia majabali kama kuku aatamiavyo mayai. Mahali pengine jabali kubwa limekaa juu ya dogo, hata mgeni huogopa kupita chini yake. Hakuna mtu aliyeyapanga. Jabali la namna hii huitwa matale. Zamani lilikuwa uji wa moto chini sana ardhini, likapoa polepole, ndiyo maana ukilivunja unaona chembe chembe zing'aazo. Baadaye likapata nyufa. Maji ya mvua yakapenya katika nyufa hizo na kulainisha kingo zake, jabali likiwa bado limefunikwa na udongo. Kisha mvua za miaka mingi zikauchukua udongo, na ile mioyo migumu ya jabali ikabaki imesimama peke yake. Wataalamu wa mawe wanatuambia kwamba matale ya nchi hii ya Usukuma yana umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Ikumbuke hesabu hii, msomaji, maana nitairudia tutakapofika pwani.

Jambo la pili ni kwamba tuko juu. Uso wa ziwa uko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mwingereza John Speke alipofika karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akaliona ziwa na kulipa jina la malkia wake, alikuwa na kipimajoto, akachemsha maji ili ajue yuko juu kiasi gani. Kadiri mtu apandavyo juu, hewa hupungua uzito, na maji huchemka mapema. Pwani maji huchemka kwa digrii 100, lakini hapa Mwanza huchemka kwa digrii 96 hivi. Mama anayepika maharage Mwanza hutumia kuni zaidi kidogo kuliko dada yake wa Bagamoyo, wala si kwamba jiko lake ni baya.

Basi, tuna beseni la mawe lililo juu ya nchi. Limepataje maji? Hapo kale hapakuwa na ziwa mahali hapa. Mito ilipita ikielekea magharibi. Halafu nchi ya magharibi ikaanza kuinuka polepole, pale lilipo Bonde la Ufa lenye Ziwa Tanganyika, Kivu na Albati. Mito ikazibiwa njia, kama maji ya mfereji yanavyozibwa na mtoto awekaye tope. Maji yakarudi nyuma, yakatuama katikati. Mto Katonga wa Uganda hata leo hauna hakika unakwenda wapi: katikati yake ni kinamasi, na kutoka hapo maji mengine huenda mashariki kuingia katika ziwa letu, mengine huenda magharibi. Inakadiriwa kwamba mambo hayo yalianza kiasi cha miaka 400,000 iliyopita. Kwa mtu ni miaka mingi mno, lakini kwa jabali lile la Kamanga ni kama jana jioni.

Kwa kuwa beseni hili lilitokea kwa nchi kupinda kidogo tu, halina kina kirefu. Ziwa lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, na karibu nusu yake ni ya Tanzania, lakini mahali penye kina kupita pote ni kiasi cha meta 80 tu. Ni sinia wala si chungu. Katika ile ghuba ndefu inayotoka Mwanza kwenda kusini, kiasi cha kilometa 60, mahali pengi panafikiwa na kamba fupi ya nanga. Linganisha na Ziwa Tanganyika, ambalo halikutokana na kupinda bali na kupasuka: kina chake ni meta 1,470, na sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari kwa meta 700 hivi. Sakafu ya ziwa letu, hata penye kina kirefu kabisa, iko juu ya paa la nyumba yo yote ya Dar es Salaam, tena juu sana.

Sasa tushuke pwani. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo watu wengi wa kwetu wameiona bahari kwa mara ya kwanza baada ya safari ya kilometa 1,200 hivi. Jambo la kwanza linalowashangaza ni maji kukimbia. Asubuhi unaona bahari imejaa hata ukutani, mchana unaona mchanga na mitumbwi iliyolala ubavu. Ni mwezi unaovuta maji, na jua likisaidia. Wakati wa bamvua, pwani yetu maji hupanda na kushuka meta 3 na zaidi. Ziwa letu halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho. Likipanda ghafula upande mmoja, ujue ni upepo umeyasukuma maji.

Lakini ajabu kubwa imefichwa chini. Sakafu ya bahari kuu si matale kama ya Mwanza. Ni jiwe jeusi zito, ndugu wa yale mawe yatokayo katika volkeno. Nchi kavu imekaa juu ya gamba nene la mawe mepesi, kilometa 35 na zaidi, na chini ya bahari gamba hilo ni jembamba na zito, kilometa 7 hivi. Jiwe jepesi na nene hukaa juu, jiwe zito na jembamba hukaa chini, na maji, kama ijulikanavyo, huenda mahali pa chini. Hivyo bahari si nchi iliyofunikwa tu na maji. Beseni lake ni la namna nyingine kabisa. Kina chake kwa wastani ni meta 3,700 hivi. Ungeliweka ziwa letu juu ya ziwa letu jingine mara arubaini na zaidi, ndipo ungefikia.

Na beseni hilo lilifunguka lini? Zamani bara hili na Madagaska na Bara Hindi vilikuwa vimeshikana. Vikapasuka, vikaachana polepole, na katika ule ufa jiwe jeusi la moto likapanda na kupoa, likawa sakafu. Pwani yetu ilianza kuwa pwani kiasi cha miaka milioni 150 na zaidi iliyopita. Kazi ya namna hiyo haijakoma duniani. Bahari ya Shamu ni bahari changa inayozidi kupanuka, na Bonde la Ufa letu linafunguka kwa milimeta chache kila mwaka. Mwanzo wa bahari hufanana sana na Ziwa Tanganyika. Rudia sasa ile hesabu ya matale: miaka milioni 2,500. Bahari ya Hindi, ambayo watu huitaja kama kitu cha tangu na tangu, ni mtoto mdogo kwa mawe ya Mwanza. Mwenye nyumba ya Mabatini anayeanika dagaa juu ya jabali la uani kwake anakanyaga kitu kilichokuwapo kabla ya bahari hiyo mara kumi na tano na zaidi.

Sasa chumvi yenyewe. Chukua lita moja ya maji ya bahari, uyachemshe mpaka yakauke. Sufuriani zitabaki gramu 35 hivi za kitu cheupe. Sehemu kubwa, kama gramu 30, ni chumvi ile ile ya mezani. Kinachobaki ni magnesi, chokaa na vitu vingine, navyo ndivyo viharibuvyo povu la sabuni. Fanya hivyo hivyo kwa lita ya maji ya Ziwa Viktoria, utapata ukungu mwembamba tu sufuriani, kiasi cha sehemu ya kumi ya gramu moja. Tena hali ya bahari karibu ni moja duniani kote. Meli ya Waingereza iitwayo Challenger ilizunguka bahari zote kuu toka 1872 hata 1876 ikichota maji. Baadaye mtaalamu Dittmar alipima chupa 77, akatangaza mwaka 1884 kwamba ingawa chumvi huzidi hapa na kupungua pale, ulinganifu wa vitu vyake hauachani: magnesi kwa chumvi, chokaa kwa chumvi, ni ule ule.

Imetoka wapi? Imetoka katika mawe. Mvua ikinyesha juu ya jabali huondoa chembe ndogo isiyoonekana, mto huichukua, na mto huenda mahali pa chini. Maji yenyewe hupanda tena juu kuwa mawingu, lakini chumvi haina mabawa. Inabaki. Mwingereza Edmond Halley, yule ambaye nyota yenye mkia inaitwa kwa jina lake, aliandika mwaka 1715 kwamba ziwa lo lote linaloingiwa na mito bila kutoa mto huwa la chumvi, na kwamba bahari ni ziwa kubwa la namna hiyo. Alidhani hata umri wa dunia ungeweza kupimwa kwa chumvi. Hapo hesabu yake ilikuwa na kasoro, kwa maana bahari nayo hupoteza chumvi: nyingine hufukiwa katika tope la sakafu, na chokaa huliwa na viumbe vidogo vijengavyo matumbawe. Majumba ya kale ya Bagamoyo, walikofika Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe. Chokaa ile iliwahi kuwa ndani ya maji. Pia tumejua siku hizi kwamba moto wa chini ya sakafu ya bahari nao huongeza chumvi yake. Lakini shina la maneno ya Halley limesimama.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta ushahidi. Upo hapa hapa Usukumani. Nenda Meatu, uende hata mahali pale maji ya mvua yanapogawanyika. Mvua ianguke huku, inachukuliwa na Mto Simiyu mpaka Ghuba ya Speke, nayo ni Ziwa Viktoria. Ianguke kule, inakwenda kwa Mto Sibiti mpaka Ziwa Eyasi. Mvua ni moja, labda wingu ni moja, na wachungaji wanaonyeshewa pamoja. Lakini Ziwa Eyasi halina mahali pa kutokea. Maji huingia, jua huyanywa, chumvi na magadi hubaki vikianikwa juu ya tope jeupe. Ndiyo maana babu zetu Wasukuma walikuwa wakifunga safari za miguu kwenda Eyasi kuchota chumvi, wakapita katika mapori yenye simba, wakarudi na mizigo kichwani. Safari hizo zilikuwa na miiko yake na viongozi wake, na kijana aliyerudi salama alihesabiwa kuwa mtu mzima. Hakuna Msukuma aliyepata kuja Mwanza kuchota chumvi ziwani.

Kwa msomaji wa Biblia mfano mwingine upo karibu zaidi. Mto Yordani huingia katika Bahari ya Galilaya na kutoka upande wa pili, na maji ya Galilaya ni ya kunywa, yana samaki, na Mitume walivua humo. Mto ule ule huenda chini mpaka Bahari ya Chumvi, nayo haina mlango. Huko chumvi ni mara kumi hivi ya ile ya bahari kuu, wala samaki hakai. Waweza kuwaonyesha watoto nyumbani uzito wa maji ya namna hiyo. Tia yai bichi lisilooza katika bakuli la maji ya mtungi: linazama. Ongeza chumvi, kijiko baada ya kijiko, ukikoroga. Kwa kiasi cha chumvi ya bahari kuu yai bado linazama. Endelea tu, na ukizidisha mara tatu au nne, yai litainuka lenyewe. (Usimwage maji hayo. Yapikie ugali, au mama atakuuliza chumvi imekwenda wapi.)

Sasa twaweza kulijibu lile swali la ufukweni. Ziwa Viktoria lina mlango. Mlango huo uko Jinja, Uganda, ambako maji yalipita juu ya ukingo wa beseni na kuwa Mto Nile. Speke alifika hapo Julai 1862, akaona maporomoko aliyoyaita Ripon. Maporomoko hayo hayaonekani tena, kwa sababu boma la umeme lililokamilika mwaka 1954 liliyafunika kwa maji. Kila siku, usiku na mchana, chumvi ya mawe yetu hutoka kwa mlango huo, ikaenda safari ndefu mpaka Bahari ya Kati. Ni mlango mmoja tu, tena mwembamba. Maji mengi ya ziwa hayatoki kwa mto: kiasi cha sehemu nne katika tano huondoka kwa jua, na kiasi kama hicho huingia kwa mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Mito yote, hata Kagera ulio mkubwa, inaongeza sehemu ndogo iliyobaki. Kwa hiyo mvua ndiyo inayolilisha ziwa, na ule mlango wa Jinja ndio unaolisafisha chumvi.

Kutokana na hayo huja jambo ambalo kila mtu wa visiwani yampasa kulijua. Debe la lita 20 la maji ya ziwa lina uzito wa kilo 20. La maji ya bahari lina kilo 20 na nusu. Nusu kilo yaonekana ndogo, lakini chombo hubebwa na uzito wa maji kinayoyasukuma kando. Chombo kile kile chenye mzigo ule ule huzama zaidi katika maji baridi kuliko baharini. Meli zipitazo bahari zimechorwa alama ubavuni, na mstari wa maji baridi umewekwa juu ya mstari wa maji ya chumvi, ili nahodha aingiapo mtoni asishtuke akiona meli imeshuka. Ziwa letu halikusamehe kitu. Sisemi kwamba maji baridi ndiyo yaliyowaua ndugu zetu wa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, waliopita 800, wala wale 228 wa MV Nyerere kule Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Wengi wa MV Bukoba wamelala Igoma, na ukipita barabara hiyo simama uwaombee. Vyombo vile vilikuwa na watu kupita kiasi. Nasema tu kwamba mwenye mtumbwi ajazaye magunia hata maji yabaki kidole kimoja chini ya ukingo, akijisifu kwamba babu yake wa pwani alifanya vivyo hivyo, ajue kwamba babu yake alibebwa na maji mazito zaidi.

Ubaya wa sinia ni kwamba hukauka upesi. Miaka ya 1990 wataalamu walichimba tope la sakafu ya ziwa, hata penye kina kirefu, wakavuta juu vipande virefu kama miwa. Ndani yake, chini ya tope laini, walikuta udongo mgumu uliokaushwa na jua, wenye mabaki ya nyasi. Maana yake ni kwamba kiasi cha miaka 15,000 hadi 17,000 iliyopita, mahali ambapo leo meli hupita usiku zikiwasha taa palikuwa mbuga. Mvua zilipungua kwa miaka mingi, jua likanywa, na sinia likabaki tupu. Kisha mvua zikarudi. Samaki wadogo waitwao furu, ambao walikuwa na namna zaidi ya 500 kabla sangara hajawala, inaonekana waligawanyika katika namna hizo nyingi baada ya maji kurudi. Ni jambo linalowashangaza wataalamu hata leo.

Hata katika maisha yetu sinia hili hucheza. Mvua kubwa za mwaka 1961, ule mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, zililiinua ziwa, na kufika 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya meta 2. Mwaka 2006 likashuka sana, wavuvi wakatembea juu ya tope kuzifikia ngalawa zao. Mwaka 2020 likapita alama ya 1964, na mwaka 2024 likaipita hata hiyo. Kwa mtu aliyejenga au kulima karibu na maji, meta moja ya kupanda yaweza kuchukua shamba zima, kwa kuwa nchi ya kando ni tambarare kama sinia lenyewe.

Kusini mwa mji, iko njia iendayo Bukumbi, ambako Mapadre Weupe walikuwa na misioni tangu miaka ya 1880. Kabla ya hapo walifikia Kageye, katika Ghuba ya Speke, na kutoka huko Padre Lourdel na Bruda Amans waliondoka kwa mtumbwi Januari 1879, wakafika Buganda tarehe 17 Februari. Karibu mwezi mmoja majini, na walipotaka maji ya kunywa yalikuwa pale pale ubavuni mwa mtumbwi. Baharini mwezi kama huo pasipo pipa la maji ni kifo, kwa sababu mwili hutumia maji mengi kuitoa chumvi kuliko yale yaliyonywewa. Leo sisi hatuwezi kunywa kama walivyokunywa wao. Kipindupindu kimewapata watu wa kando ya ziwa mara nyingi. Yachemshe kwanza hata yatokote. Digrii 96 za Mwanza zatosha kabisa kuviua vijidudu.

Ukiendelea na barabara hiyo utafika Kigongo, mahali watu walipokuwa wakingojea kivuko kwa saa nyingi ili wavuke kwenda Busisi na Sengerema. Tangu Juni 2025 pana daraja, kilometa 3 za saruji juu ya ghuba, nalo lina njia ya waendao kwa miguu. Nenda Aprili, siku inayofuata mvua kubwa. Simama katikati utazame upande wa kusini. Utaona maji yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa, na rangi hiyo inakuja polepole kuelekea nguzo. Ule ni udongo wa mashamba yetu, mbolea yake na takataka zake. Chumvi huyeyuka, nayo hutoka kwa mlango wa Jinja. Udongo hauyeyuki. Hautafika Jinja. Unatulia chini ya ghuba, na ile mbolea iliyomo ndani yake hulisha ukoga wa kijani na yale magugu maji yaliyoonekana ziwani tangu mwisho wa miaka ya 1980. Mzee mmoja anayeuza samaki upande wa Busisi aliniambia kwamba alipokuwa kijana aliona kokoto za chini pale anapoegesha mtumbwi wake. Sasa, alisema, haoni hata mguu wake ukiingia majini hadi magotini.